Laini ya Marehemu

Elkanah alipokuwa hai, mtu akifa Kosele, Ndhiwa ama hata kule visiwani, habari ilimfikia yeye kabla haijamfikia chifu. Si kwamba alikuwa mbea. Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo. Alikuwa na tovuti ya matangazo ya vifo, ndogo, yenye rangi mbili tu, na watu wa kwao waliotawanyika Nairobi, Mombasa na ng'ambo waliifungua kila asubuhi kabla hawajapiga mswaki. Ilikuwa na picha ya marehemu, siku ya mazishi, orodha ndefu ya wajukuu, na chini yake kitu ambacho matangazo mengine hayakuwa nacho: sauti ya Elkanah mwenyewe akilisoma tangazo kwa Kijaluo, taratibu, akiyatamka majina ya wafu kwa heshima ambayo pengine hawakuipata walipokuwa wanatembea.

Februari ikaja, na Elkanah akafa kwa ugonjwa wa figo, ana miaka arobaini na mitatu. Mkewe Lorine alibaki na watoto wawili walio shule ya bweni, kompyuta iliyopasuka pembeni, na mama mkwe asiyeona.

Mama mkwe huyo, Phelesia, macho yalikuwa yamemzimika miaka tisa nyuma. Picha kubwa ya Elkanah iliyotundikwa sebuleni haikumfaa kitu. Kwake ilikuwa ukuta tu. Kilichomfaa ni sauti. Kila siku baada ya chakula cha mchana alitoka barazani, akaketi kwenye kiti chake cha miti, na Lorine akamwekea simu mapajani na kuifungua tovuti. Basi mwanawe akaanza kusema. Fulani bin fulani, aliyekuwa mwalimu, ameacha wajane wawili. Fulani, aliyekuwa mzee wa kanisa, ameacha watoto saba. Lililompendeza zaidi ni tangazo la mzee mmoja wa Ndhiwa, ambamo jogoo aliwika katikati na Elkanah akanyamaza kumsubiri amalize, kisha akaendelea kama aliyekatizwa na mkubwa wake. Phelesia alicheka kila alipofika hapo. Mgeni angepita akamkuta bibi kizee anasikiliza vifo vya watu huku anatabasamu, angesema akili zimeruka. Wenyeji walijua, na walipopita walipunguza sauti zao.

Lorine aliirithi kazi. Elkanah alikuwa amemfundisha kuingia kwenye tovuti na kuweka maandishi na picha, kwa hiyo watu waliendelea kuleta habari zao naye akaandika. Sehemu ya sauti aliiacha tupu.

Kufikia Mei tovuti ilikuwa inajikokota. Picha zilichukua dakika nzima kufunguka, na watu wa Nairobi, ambao hawana subira hata ya kusubiri chai ipoe, wakaanza kulalamika. Lorine akaamua kuihamisha. Maana tovuti nayo lazima ikae mahali. Inakaa kwenye kompyuta kubwa za kampuni fulani inayokodisha nafasi, kama mtu anavyokodisha kibanda sokoni. Wenyewe huita hosting. Kampuni za namna hiyo zilikuwa nyingi, kila moja ikijisifu kuliko mwenzake, na Lorine hakuwa mtu wa kudandia mambo. Huyu ni mwanamke aliyezunguka soko mara tatu kabla ya kununua nyanya. Akasema kwanza atasoma.

Akaenda Migori mjini, kwenye duka la vitabu la Mohamednur. Mzee huyu alikuja kutoka Garissa akiwa kijana, akaishi Migori mpaka Kijaluo chake kikawapita watoto waliozaliwa hapo. Elkanah alikuwa mteja wake. Alimpa Lorine pole, akamvutia kiti, akaagiza chai, na hakuharakisha maneno. Ndipo akashusha vitabu vitatu vya biashara kutoka rafu ya juu na kuvifuta vumbi kwa mkono wa shati. Lorine alipomweleza shida yake yote, mzee akafikiri kidogo, akauliza jambo moja.

"Dada, na hiyo akaunti ya hosting iko kwa jina la nani?"

Hapo Lorine akafunga uso. Tangu mazishi alikuwa ameulizwa swali hilo hadi limemchosha. Shamba liko kwa jina la nani, pikipiki iko kwa jina la nani, hii nyumba nayo je. Walioliuliza walikuwa na nia zao, na kila mara aliposikia "jina la nani" alisikia mtu anayepima mahali pa kuingizia mguu. Mohamednur hakuwa na nia hiyo hata chembe. Lakini sikio lililokwisha kuumia halichagui.

"Ni ya bwana yangu, na mimi ndiye bibi yake," akajibu. "Kila kitu iko kwa kompyuta yangu."

Mzee akaona amemgusa pabaya. Akaomba radhi, akafunga vitabu kwa gazeti, na hakuuliza tena. Laiti angeuliza. Laiti na Lorine angemwacha amalize.

Vitabu vya biashara, na hili lisemwe waziwazi, vina ugonjwa mmoja: vimeandikwa na watu ambao shida zao zilikwisha zamani. Cha kwanza kilimtaka Lorine amjue mteja wake, naye akakaa siku mbili akijiuliza kama mteja wake ni maiti ama yule anayelipia tangazo. Cha pili kilihubiri utulivu. Kilisema mfanyabiashara mbaya huchagua haraka na kujuta polepole, na kwamba uamuzi mzuri unastahili kupewa miezi. Cha tatu kilimwambia atenganishe biashara na moyo. Hicho alikifunga ukurasa wa kumi na moja, akakitumia kuzuia dirisha la jikoni lisigongegonge.

Kile cha pili alikipenda. Akanunua daftari, akalichora mistari, akaandika kampuni tatu juu na mambo ya kulinganisha pembeni: nafasi, kasi, kama wanapokea simu, kama wanaweka nakala za akiba. Alipiga simu, akauliza, akaandika majibu. Juni yote ikaisha hivyo, na Julai ikaingia. Tusimcheke. Tangu Februari wazee walikuwa wamemwamulia kila kitu, siku ya mazishi, mahali pa kaburi, nani achukue nini. Daftari lile ndilo lilikuwa jambo la kwanza analoliamua mwenyewe, na alitaka kuliamua vizuri. Haraka ya nini? Elkanah alikuwa akisema kodi ya tovuti hulipwa mwisho wa mwaka. Lorine akahesabu hadi Desemba.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa kampuni. Ulianza Agosti.

Jumanne moja ya Agosti, baada ya chakula, Phelesia aliita kutoka barazani kwamba Elkanah hasemi. Lorine akatoka anapangusa mikono, akaichukua simu. Tovuti haikuwepo. Palikuwa na ukurasa mweupe na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba akaunti hii imesimamishwa, mwenyewe awasiliane na kampuni.

"Ni network tu, Mama," akasema. "Imelala."

Alipiga simu kwa ile kampuni ya Nairobi akiwa amesimama nyuma ya choo, mahali ambapo mama mkwe hasikii. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu, akimwita madam. Alieleza kwamba muda umekwisha, kwamba wametuma onyo mara nne kwa barua pepe na kwa laini ya mwenye akaunti, na kwamba mafaili yatawekwa siku thelathini kisha yafutwe. Lorine akasema atalipa leo hii, sasa hivi. Msichana akasema vizuri, aingie tu kwenye akaunti. Mfumo utatuma namba za siri kwa laini iliyosajiliwa. Akazitaja tarakimu mbili za mwisho za laini hiyo. Ilikuwa ya Elkanah.

Hapo ndipo Lorine alipoelewa. Yeye alikuwa na ufunguo wa kibanda. Jina lililoandikwa kwa mwenye soko halikuwa lake. Kompyuta aliyojivunia ilimruhusu kupanga vitu rafuni, basi. Akasema mwenye laini amefariki. Msichana akasema pole sana, na akaongeza kwamba kama ni hivyo watahitaji hati za kisheria. Pesa za Lorine hazikuwa na mahali pa kuingilia.

Na laini ilikuwa wapi? Baada ya mazishi, vitu vya Elkanah viligawanywa mbele ya ukoo kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa mjomba, baiskeli kwa binamu, viatu kwa mwenye mguu unaolingana. Simu alipewa mdogo wake, Nicholas, aliyekuwa mchimba dhahabu huko Osiri. Ilitolewa na kila kilichomo, na hakuna mzee hata mmoja, wala Lorine, aliyewaza kwamba ndani ya simu mna kijikaratasi cha plastiki chenye kushika mlango wa nyumba nzima. Nani angewaza? Koti hutolewa na vifungo vyake.

Nicholas alipopigiwa alisema ataitafuta hiyo laini. Kesho yake akasema bado anaitafuta. Siku ya nne hakupokea. Siku ya saba alisema yuko shimoni, atapiga akitoka, na hakupiga. Siku ya tisa Lorine aliamua kwenda mwenyewe, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu mjane ambaye hajafanyiwa matambiko yake haingii boma la mtu mwingine. Phelesia alizishika desturi hizo kwa mikono miwili. Lorine alimwambia anakwenda Migori kutafuta vitabu zaidi, na huo ukawa uongo wa pili.

Kwa kuwa hangeweza kwenda nyumbani kwa Nicholas, alimfuata mahali pa kusagia mawe. Mashine zilikuwa zinanguruma, wanawake wamejifunga nyuso kwa vitambaa, na vumbi jeupe limekalia kila kitu. Nicholas alipomwona alitaka kwanza kurudi nyuma. Kisha akaja, akamwongoza hadi kando, na akasimama akitazama viatu vyake.

"Shemeji, hiyo laini haiko," akasema. "Niliivunja."

Ilikuwa hivi. Alipoanza kuitumia simu, laini ile haikunyamaza. Watu walikuwa hawajapata habari kwamba Elkanah amekufa, basi walimpigia yeye kumpa habari za waliokufa. Alfajiri simu inalia: Elkanah, andika, baba yetu ametuacha. Jioni inalia: Elkanah, tumempoteza mtoto. Nicholas alijaribu kuwaeleza, wakadhani ni mzaha. Siku moja ililia wakiwa mdomoni mwa shimo, tayari kushuka, na wenzake wakasikia jina lililoitwa. Watu wa Osiri wanashuka mita nyingi chini ya ardhi kwa kamba na Mungu. Walisema hawashuki na mtu anayepokea simu za kifo kwa jina la maiti.

"Wiki mbili, hakuna mtu alikubali kuingia na mimi," akasema. "Watoto walikuwa wanalala njaa. Nikaivunja, nikaitupa kwa shimo ile ya zamani, ile ya maji. Na simu nikaifuta yote, ndio waamini. Nilijua umeitisha kitu kubwa. Niliogopa kukuambia."

Alikuwa analia, machozi yanachora njia katika vumbi la mashavu. Lorine alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyapanga kuanzia Rongo hadi Migori, na sasa hakuwa na pa kuyaweka. Alimtazama kijana huyu aliyefanana na marehemu pua na paji la uso, akamwambia si neno, akaondoka. Lilikuwa neno, na kubwa, lakini angefanyaje?

Zikabaki siku ishirini na moja. Kuifufua laini ya mtu aliyekufa kulihitaji cheti cha kifo, na cheti kilikuwa bado hakijatoka. Kulihitaji barua ya chifu, na chifu alikuwa kwenye semina. Kulihitaji barua ya ukoo yenye saini tatu, na mzee mmoja kati ya watatu hakutia saini mpaka aelezwe mara mbili kwamba jambo hili halihusu shamba. Lorine alikwenda Homa Bay mara nne. Alikaa kwenye mabenchi, akatumwa dirisha la pili, akarudishwa la kwanza. Kila alasiri alirudi Kosele, na kila alasiri Phelesia alimwuliza kama mtandao umeamka.

Aliwatafuta pia wale wa mbali waliokuwa wakisikiliza kila asubuhi, akiuliza kama kuna aliyehifadhi hata tangazo moja. Walimjibu kwa upole, na wote walimjibu vilevile: hawakuona haja, kwani lilikuwa pale pale siku zote. Simu ya zamani ya Lorine, aliyoitumia wakati Elkanah yu hai, ilikuwa ya vibonye. Elkanah mwenyewe alikuwa akirekodi kwenye simu, akishaweka kwenye tovuti anafuta ili kupata nafasi ya mfu mwingine.

Daftari lake la kulinganisha kampuni lilikuwa juu ya meza muda huo wote. Siku moja alilifungua, akakuta mstari aliouandika kwa mkono wake mzuri, mbele ya neno nakala za akiba: muhimu, waulize. Aliwauliza wageni watatu. Yeye mwenyewe hakunakili hata sauti moja, na ingemchukua alasiri mbili. Alijichukia sana siku hiyo.

Laini ilipatikana siku ya thelathini na tatu. Msichana wa duka la kampuni ya simu aliichomeka kwenye simu, ikatetemeka, na Lorine akaondoka nayo kifuani kama mtu aliyebeba yai. Alikaa kwenye benchi nje ya duka la jirani. Namba za siri zikaja, tarakimu sita, zimetumwa kwa Elkanah. Akaziandika. Akaunti ikafunguka bila shida yoyote, ikamkaribisha marehemu kwa jina, ikamwambia kwamba hana faili hata moja.

Alipiga simu Nairobi. Yule msichana alimkumbuka. Alikwenda kuuliza kwa mafundi, akarudi baada ya muda mrefu, na safari hii hakumwita madam.

"Walifuta Alhamisi, mama," akasema. "Nimewaomba waangalie kila mahali. Pole."

Siku tatu Lorine aliendelea kusema mtandao umelala. Siku ya nne, baada ya chakula, alikivuta kigoda hadi barazani, akaketi karibu na magoti ya mama mkwe wake. Phelesia alikuwa ameinyoosha mikono tayari kupokea simu.

"Mama, sauti ya Elkanah imeisha," akasema. "Si network. Nilikuwa nakudanganya."

"Imeisha namna gani, nyar Ndhiwa?" bibi akauliza, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Ndhiwa.

"Ilikuwa imewekwa mahali pa watu. Muda ukapita. Wameifuta yote."

Phelesia alirudisha mikono mapajani.

"Nani alichelewa?"

Jina la Nicholas lilimfika Lorine mdomoni. Lilikuwa jepesi kulitoa, na hata lingekuwa kweli kwa kiasi chake. Lakini bibi huyu alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume, na huyo mmoja alikuwa anashuka shimoni kila siku.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Nilikuwa nachagua."

Bibi akatikisa kichwa polepole. Hakuuliza alichokuwa anachagua. Akaipapasa fimbo yake, akainuka, akashuka ngazi mbili za baraza bila kushikwa, akatembea hadi katikati ya ua ambapo jua lilikuwa linachoma. Hapo akaitupa fimbo, akaweka mikono yote miwili kichwani, na akapiga ukemi. Haukuwa ukemi wa mtu anayekumbuka. Ulikuwa ule unaopigwa mara moja tu katika boma, dakika ambayo mtu amekata roho, ule unaowatoa watu mashambani bila kuuliza.

"Elkanah wuoda," akalia. Elkanah, mwanangu. "Elkanah wuoda, umeniacha na nani?"

Watu wakaja mbio. Millicent wa boma la pili alifika wa kwanza, povu la sabuni bado liko mikononi, akamkuta Lorine amesimama barazani hawezi kusogea.

"Ni nani?" akauliza. "Nani amekufa?"

Lorine alitazama kule nyuma ya nyumba, kwenye kaburi ambalo sasa lilikuwa na miezi saba na nyasi zimeanza kulizunguka.

"Ni Elkanah," akasema.

Millicent alimtazama yeye, akamtazama bibi pale juani, akaiona simu imelala kwenye kiti cha miti, imenyamaza. Yeye ni mmoja wa wale waliozoea kupunguza sauti wakipita. Hakuhitaji kuelezwa. Alijifuta mikono kwenye leso, akaenda akamshika Phelesia kiunoni ili asianguke, na akaanza kulia naye, kwa sauti ile ile. Waliokuja nyuma yake walimwuliza Lorine swali lile lile, naye aliwajibu vilevile, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyerudi kwao. Wanawake waliketi chini pembeni mwa bibi. Wanaume walivua kofia. Ilipofika saa tisa ua ulikuwa umejaa, na mtu mmoja akaenda kutafuta viti.